Nani Ataiona Picha? Safari ya makala ya magonjwa ya ngozi katika jarida huria

Utangulizi

Nikiwa katika mwaka wa mwisho wa lisansi, daktari mmoja anayesomea ubingwa wa magonjwa ya ngozi hapa Lubumbashi alinijia na karatasi ya kurasa mbili. Aliomba niitafsiri kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Ilikuwa fomu ya ridhaa, yaani karatasi ambayo mgonjwa husaini ili kuruhusu habari zake na picha zake zichapishwe katika jarida la tiba. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Ilinishika miezi minane, kwa sababu baada ya fomu nililetewa barua ya mhariri, baada ya barua yakaja maoni ya wahakiki, na mwishoni zikaja kurasa za kusahihisha kabla ya chapa.

Makala haya yanaeleza nilichojifunza katika miezi hiyo: jinsi jarida huria la magonjwa ya ngozi linavyopokea muswada, linavyouhakiki na linavyouchapisha. Nawaandikia wanafunzi wenzangu wa lugha, si madaktari. Hoja yangu ni hii: uhakiki wa wataalamu hulinda ukweli wa makala, lakini hauwezi peke yake kumlinda mtu aliyemo ndani ya makala. Kati ya mhakiki na mgonjwa pana kazi ya lugha, na kazi hiyo ni yetu.

Mgonjwa nitamwita Mama tu. Sitaji umri wake, soko anakouza wala mtaa anakokaa. Ameniruhusu kusimulia haya, na sheria ninazozieleza hapa zinanihusu mimi pia.

1. Ugonjwa wenyewe

Mama alikuwa ametumia krimu za kung'arisha ngozi kwa miaka mingi. Nyingi za krimu hizo huwa na hidrokinoni, dawa inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mwanzoni uso hung'aa. Lakini mtu akiendelea kwa muda mrefu, hasa juani, mashavu na sehemu iliyo chini ya macho huweza kugeuka na kuwa nyeusi yenye ubuluu, na ngozi ikawa na vipele vidogo vigumu. Mgonjwa akiona weusi unarudi, huongeza krimu, na krimu huongeza weusi. Madaktari huiita hali hii okronosi. Mwaka 1975 daktari G. H. Findlay na wenzake waliieleza kwa wagonjwa wa Afrika Kusini waliotumia krimu kali za hidrokinoni, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku dawa hiyo katika vipodozi.

Kwa hiyo daktari hakuwa amegundua ugonjwa mpya. Alitaka kuonyesha namna unavyojitokeza kwa wagonjwa wake, ili daktari mwingine asidhani ni madoa ya kawaida ya uzazi au ya jua na kumwandikia mgonjwa krimu ileile iliyomharibu. Faida yake ilikuwa kubwa. Lakini ushahidi wenyewe ulikuwa usoni. Katika elimu ya ngozi picha si pambo, ndiyo nusu ya hoja. Daktari wa moyo huchapisha mchoro wa mapigo ambao hakuna jirani atakayeutambua. Daktari wa ngozi huchapisha shavu, mkono, paji la uso.

2. Jarida huria ni jarida la namna gani?

Majarida ya sayansi yana zaidi ya karne tatu: lile la Royal Society ya London lilianza mwaka 1665. Kwa muda mrefu msomaji, au maktaba yake, ndiye aliyelipa. Chuo kisicho na fedha hakikusoma. Intaneti ilifungua njia nyingine. Katika fani ya ngozi, Dermatology Online Journal lilianza mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha California, Davis, likiwa jarida la intaneti ambalo msomaji halilipii. Mwaka 2002 Azimio la Budapest likatoa maana iliyo wazi ya uhuria: kila mtu aweze kusoma, kunakili na kusambaza makala bila malipo, mradi mwandishi atajwe.

Mwaka huohuo zilitoka leseni za kwanza za Creative Commons, ambazo majarida mengi huria hutumia leo. Leseni iliyo pana zaidi kati ya zile zinazodai mwandishi atajwe humruhusu mtu yeyote kuchukua makala, pamoja na picha zake, na kuyatumia tena hata kwa biashara. Leseni nyingine huzuia biashara, au huzuia kubadilisha kazi. Mwanafunzi akiona herufi CC chini ya makala asizipite tu. Zinasema nani anaruhusiwa kufanya nini na picha ya mgonjwa.

Msomaji asipolipa, lazima mwingine alipe. Majarida mengine hubebwa na vyuo au vyama vya madaktari, na mengine humtoza mwandishi ada makala yakikubaliwa. Wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe ada waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, na Kongo yetu imo. Lakini mara nyingi msamaha huo huombwa siku ya kutuma muswada, si baada ya kukubaliwa. Daktari wetu aliambiwa hilo na mwenzake siku moja kabla ya kutuma. Angechelewa, angedaiwa fedha ambazo mshahara wake wa miezi kadhaa usingetosha.

3. Mlangoni mwa jarida

Muswada ukifika hauendi moja kwa moja kwa wataalamu. Kwanza ofisi ya jarida hukagua mambo ya nje: urefu, muhtasari, ubora wa picha, majina ya waandishi na mchango wa kila mmoja, tamko la maslahi, kibali cha kamati ya maadili pale kinapohitajika, na ridhaa ya mgonjwa. Programu hulinganisha maandishi na makala mengine ili kukamata wizi wa maandishi. Kisha mhariri husoma na kujiuliza kama makala yanafaa wasomaji wake. Miswada mingi huishia hapo, na kukataliwa mlangoni si aibu: mwandishi hupata jibu mapema na kutafuta jarida jingine.

Wetu ulirudishwa siku ya tatu. Haukukataliwa. Faili la picha lilikuwa limeitwa jina la Mama, jina lake kamili, kama daktari alivyolihifadhi katika simu yake. Ndani ya muswada tulikuwa tumefuta jina lake kila mahali, tukalisahau juu ya bahasha. Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma chochote, nasoma majina ya mafaili kama ninavyosoma sentensi.

4. Wahakiki wanafanya nini?

Mhariri akiridhika hutafuta wahakiki, kwa kawaida wawili au watatu, wanaoijua mada. Mara nyingi hawalipwi. Huombwa watoe maoni katika majuma machache, na baadhi hukataa kwa kukosa nafasi. Ndiyo maana miezi hupita mwandishi akidhani amesahauliwa.

Kuna namna tatu kuu za uhakiki. Katika ya kwanza wahakiki wanamjua mwandishi, naye hawajui. Katika ya pili hakuna anayemjua mwenzake, ili jina la chuo kikubwa lisibebe makala dhaifu na jina la chuo kidogo lisizamishe makala mazuri. Katika ya tatu, iliyo ya wazi, wahakiki hutia saini na maoni yao huchapishwa pamoja na makala. Jarida la BMC Dermatology, lililotoka tangu 2001 hadi 2020, lilifuata njia hii ya tatu. Mwanafunzi anayetaka kujua mhakiki huandikaje na asome maoni ya aina hiyo. Ni shule ya bure ya kupinga hoja bila kumtukana mwenye hoja.

Uamuzi wa mwisho si wa wahakiki. Wao hushauri, mhariri huamua: kukubali, kuomba marekebisho madogo, kuomba marekebisho makubwa, au kukataa. Kukubaliwa bila marekebisho yoyote ni jambo la nadra sana. Sisi tuliombwa marekebisho makubwa.

Mhakiki wa kwanza alitaka ushahidi. Je, mlichukua kipande cha ngozi na kukitazama kwa hadubini? Katika okronosi huonekana nyuzi za rangi ya manjano-kahawia, zilizopinda mithili ya ndizi. Bila hizo, alisema, mnaonyesha uso wenye madoa tu. Alikuwa na haki, na kipande kilikuwapo katika maabara. Picha yake ikaongezwa.

Mhakiki wa pili aliuliza maswali mawili, na yote yalikuwa ya lugha. La kwanza: kwa nini mmeandika kwamba mgonjwa "alikiri" kutumia krimu? Anayekiri ni mshtakiwa. Andikeni kwamba "alisema". Daktari alishtuka, kwani neno hilo wamezoea kulitumia kila siku wodini. Na mimi nikaona kosa langu. Kifaransa cha madaktari husema dépigmentation volontaire, nami katika fomu nilikuwa nimeandika "kujichubua kwa hiari". Neno kwa neno tafsiri haikuwa na kasoro. Lakini Mama alipolisikia neno "hiari" aliangalia chini. Kwake lilisema: umejitakia. Nililifuta nikaandika "kutumia krimu za kung'arisha ngozi". Maana ya kitabibu haikupungua hata chembe.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi: je, mgonjwa ameuona muswada, na kwa nini mnaonyesha uso wake wote?

5. Ridhaa yenye maana

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, iliyotokana na mkutano wa wahariri huko Vancouver mwaka 1978, ina kanuni ambazo majarida mengi hufuata. Mbili zilituhusu moja kwa moja. Ya kwanza: kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi kumficha mtu. Ya pili: mgonjwa anayeweza kutambulika anapaswa kuonyeshwa muswada utakaochapishwa.

Aonyeshwe muswada. Uliandikwa kwa Kiingereza, ukitokana na rasimu ya Kifaransa. Mama anasema Kiswahili cha Lubumbashi na Kiluba. Tungeweza kumfunulia kurasa zile, akazitazama, akasaini, na kanuni ingekuwa imetimizwa kwa macho ya jarida. Mhakiki aliye ng'ambo asingejua kamwe.

Tena fomu yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi hii: "Nakubali habari zangu zichapishwe katika jarida lenye ufikiaji huria." Nilikuwa nimejivunia. Ni Kiswahili bora, kama tunavyokiita hapa mjini. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Huria njo nani?"

Alidhani ni jina la mtu. Nilianza kueleza habari za majarida na maktaba, akanikatiza: "Mwanangu, ile picha, batu bote ba mu dunia batayiona? Na ba ku soko?"

Swali lake lilikuwa maana yote ya jarida huria, na limeulizwa vizuri kuliko nilivyoandika. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Nilirudi nyumbani nikaandika fomu upya, sentensi fupifupi, na daktari akaikagua kila mstari:

Makala haya yatawekwa kwenye intaneti. Mtu yeyote mwenye simu, hapa au ng'ambo, ataweza kuyasoma na kuiona picha bila kulipa. Mtu mwingine ataweza kuichukua picha na kuiweka katika kazi yake. Jina lako halitaandikwa, lakini anayekujua vizuri anaweza kukutambua. Unaweza kubadili nia mpaka siku ya kuchapishwa. Baada ya siku hiyo hatutaweza kuirudisha. Ukikataa, utatibiwa vilevile kama zamani.

Neno "huria" halimo. Neno "ufikiaji" halimo. Kilichobaki ni nani ataona, atafanya nini, na mpaka lini mtu anaweza kusema hapana. Sentensi ya sita ndiyo iliyonisumbua zaidi. Jarida linaweza kusahihisha makala, na hata kuyabatilisha makosa makubwa yakigunduliwa, lakini nakala zilizokwisha kusambaa haziitiki. Maji yakimwagika hayazoleki, na mgonjwa ana haki ya kujua hivyo kabla ya kuinamisha mtungi.

Tulimsomea Mama fomu mpya kwa sauti, kwa Kiswahili cha mjini, kisha tukamsimulia muswada wote aya kwa aya. Mwisho tulimwomba atueleze yeye alichoelewa. Alitueleza. Kisha akaamua: shavu, ndiyo, uso wote, hapana. Daktari alinyamaza kidogo, maana picha ya uso ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Lakini sasa kulikuwa na ile ya hadubini, na shavu lilionyesha vipele waziwazi. Tuliandika hivyo katika barua ya majibu, hoja kwa hoja, na mhariri akaridhika.

Kuna jambo moja zaidi. Mwongozo wa CARE, uliotolewa mwaka 2013 kwa waandishi wa visa vya wagonjwa, unapendekeza mgonjwa apewe nafasi ya kusema mwenyewe. Mama alisema sentensi mbili: kwamba alitaka uso kama wa mwanamke aliye kwenye kopo, na kwamba sasa anauza akiwa amejifunga kitambaa mpaka chini ya macho. Nilizitafsiri bila kuzipamba. Ndizo sentensi pekee katika makala yale ambazo wahakiki hawakuzigusa.

6. Saa arobaini na nane

Kukubaliwa si kuchapishwa. Jarida huhariri lugha, hupanga kurasa, kisha humtumia mwandishi kurasa za kusahihisha. Huwa muda ni mfupi. Sisi tulipewa saa 48. Baada ya hapo makala hupewa namba ya kudumu ya utambulisho na kuwekwa mtandaoni.

Kurasa zilifika jioni, daktari akiwa zamu, umeme umekatika mtaani kwetu. Nilizifungua kwenye simu ili kuangalia sentensi za Mama. Katika ukurasa wa pili nikaona uso wake wote.

Kosa lilikuwa letu. Tulipotuma picha mpya ya shavu tuliipa jina lilelile, "picha 1", na ile ya zamani hatukuiondoa katika mfumo. Mpangaji kurasa akachukua iliyo kubwa na safi zaidi, kama mpangaji yeyote angefanya. Wahakiki wawili na mhariri walikuwa wamekwisha kumaliza kazi yao. Hakuna mwingine aliyebaki kati ya uso ule na dunia, isipokuwa mtu aliyekuwa akitafuta makosa ya tahajia.

Nilimpigia daktari mpaka akapokea. Tuliandika barua usiku uleule, na asubuhi jarida likajibu kwamba picha imebadilishwa na faili la zamani limefutwa. Tuliomba kurasa upya, tukazisoma zote tangu mwanzo. Makala yalitoka majuma mawili baadaye, na daktari alimwonyesha Mama kwenye simu. Alilitazama shavu lake kwa muda, akasema kwamba hata yeye asingejua ni lake.

7. Namna ya kutofautisha jarida na mtego

Wakati tukingoja, daktari alipata barua pepe kutoka kwa jarida asilolijua. Lilimsifu kama profesa mashuhuri na kuahidi kuchapisha kazi yake kwa siku tatu, akilipa. Majarida ya namna hiyo hutumia neno "huria" kama kibanda kinavyotumia rangi ya duka la dawa. Kabla ya kutuma muswada, uliza mambo manne. Je, jarida linaeleza wazi namna linavyohakiki? Je, ada na misamaha imeandikwa mahali panapoonekana? Je, limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003? Je, wahariri wake ni watu wanaojulikana katika fani? Jarida linaloahidi kukubali kabla ya kusoma halitauliza kama mgonjwa ameridhia. Hapo anayeumia si mwandishi pekee.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba makala hupita mikononi mwa ofisi, mhariri, wahakiki na wapangaji kurasa, na kila mmoja huzuia kosa la aina yake. Mhakiki wa kwanza alizuia hoja isiyo na ushahidi. Wa pili alizuia neno la kuhukumu, akauliza swali lililomrudisha Mama mezani. Lakini hakuna kati yao aliyeweza kujua kama Mama alielewa. Hilo hujulikana mahali pamoja tu: pale mgonjwa, daktari na mtu wa lugha wanapoketi pamoja.

Katika chuo chetu tunafundishwa kutafsiri riwaya, sheria na hotuba, na ni vema. Napendekeza tuongeze zoezi moja dogo: kila mwanafunzi achukue fomu ya ridhaa kutoka hospitali yoyote, aiandike kwa Kiswahili, kisha amsomee mtu ambaye hajasoma. Asimuulize kama ameelewa, maana atajibu ndiyo kwa heshima. Amwombe asimulie alichosikia. Akiuliza "Huria njo nani?", mwanafunzi ajue kazi yake bado haijaisha.